Uzoefu wangu na nati za spoki zilizooza: wili yangu ya nyuma imesukwa upya Kondele

Nianze na hukumu ndio mwenye haraka asome hapa aende zake. Kama nati za spoki za baiskeli yako ni za alumini na zimeshikana na spoki, usimalize pesa kwa spreyi na usikubali mtu azilazimishe na plaizi. Peleka wili kwa fundi anayejua kusuka, toa zote, weka spoki mpya na nati za brasi. Wili yangu ya nyuma imefanyiwa hivyo hapa Kisumu na fundi mmoja mzee wa upande wa Kondele na nampa nyota tano bila kusita. Lakini kama nati ni za brasi na ni kutu tu imeshika thredi, hiyo ni kesi ingine kabisa, inaweza kupona kwa mafuta na subira, na nitaeleza venye utajua tofauti maana hapo ndio watu wengi wanaliwa pesa.

Baiskeli yenyewe ni haibridi ya mtumba, fremu ya alumini, tairi za 28 nyembamba kiasi, naiendesha kutoka Mamboleo kushuka mjini asubuhi na jioni napanda tena, wikendi natoka nayo hadi Ahero ama upande wa Kibos kwa mashamba ya miwa. Nilipoinunua ilikua inang'aa, rangi safi, gia zinaingia, breki zinashika. Kitu ambacho hakuna mtu huangalia ni pale spoki inaingia kwa rimu. Ukiinama ukasogeza macho karibu unaona kila nati iko na unga mweupe umegandia pale shingoni, na zingine ziko na vishimo vidogo vidogo kwa zile pande nne ambapo spana inashika. Huo unga sio vumbi, ukiufuta na kidole hautoki, ni alumini yenyewe imeoza.

Sasa kwa nini ioze na spoki iko sawa? Nati ni alumini na spoki ni stenlesi, metali mbili tofauti, ukiziweka pamoja alafu kupatikane maji yenye chumvi katikati zinafanya kama betri, umeme mdogo unapita na moja lazima iliwe, na inayoliwa siku zote ni alumini. Na chumvi ilitoka wapi? Hapa kila mtu alikua ananiambia ni hewa ya ziwa. Hapana jamani, ziwa letu ni maji baridi yasiyo na chumvi, tungekua Mombasa ningekubali. Chumvi ilikuja na baiskeli. Hizi mtumba nyingi zinatoka Uingereza, Uholanzi, Ujerumani, na huko wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani ili barafu isishike lami, baiskeli inatembea kwa hayo maji ya chumvi, inalala nje, alafu mwenyewe akichoka nayo inaingia kontena, inavuka bahari, inapanda lori hadi huku. Anayeuza anapiga polishi fremu na kubadilisha tairi, lakini ndani ya rimu hakuna mtu anaosha, kwa hivyo ile chumvi imejificha huko na kila mvua ya Kisumu inaiamsha upya, na mnajua hapa mvua haitubahatishi, Machi hadi Mei ni kila jioni.

Ishara ya kwanza ilikua rimu kugusa breki upande mmoja na kuachilia, kila mzunguko. Alafu nikishuka kilima cha Riat nikasikia kitu kinaviringika ndani ya rimu, wili ikisimama kinanyamaza, ikizunguka kinaanza tena. Hicho ni kichwa cha nati kimekatika. Nati inakaa ikiwa imepitishwa kutoka ndani ya rimu, kichwa ndicho kinazuia isivutwe nje, sasa shingo ikiliwa kichwa kinabaki ndani peke yake na spoki inalegea haishiki chochote. Ukisikia hiyo sauti usiendelee kuendesha ukisema utapeleka wikendi, kwa sababu mzigo wa spoki moja unaenda kwa majirani zake ambao pia nati zao zimeoza vile vile.

Karakana ya kwanza niliyopeleka sitaitaja. Kijana aliniambia, "Madam, hii ni kubalansi tu, ngoja kidogo," akatoa ile spana ya mviringo yenye mianya mingi ya kila saizi, akashika nati ya kwanza, spana ikateleza, kona zikafutika, nati ikabaki duara. Akachukua plaizi. Akazungusha, nati ikageuka, akafurahi, akaenda ya pili. Mimi nilikua nimesimama hapo karibu na nikaona spoki nayo inageuka. Hapo ndio pa kuelewa vizuri. Spoki ya kawaida ni waya wa milimita 2, nati ikishikana nayo ukizungusha unaona kabisa imegeuka na unadhani kazi inaendelea, kumbe haijasonga kwa thredi hata kidogo, imeusokota waya tu. Ukiachilia waya unajirudisha polepole ukiwa barabarani na rimu inapinda tena vile ilikua. Ukiendelea kuzungusha unakatika, na ndivyo ilivyofanyika, tatu mfululizo upande wa gia, nikamwambia fundi asante wacha hapo, nikalipa nikabeba wili yangu.

Kuna njia rahisi ya kujipima nyumbani kabla hujampa mtu yeyote hiyo kazi. Bandika kipande cha selotepu kwa spoki, karibu na nati, kisimame kando. Shika nati na spana uzungushe robo. Selotepu ikibaki pale pale, nati inatembea vizuri. Selotepu ikizunguka pamoja na nati, imeshikana, acha mara moja. Fanya hivyo kwa wili nzima na utajua hali yako bila kubahatisha.

Na ya kujua kama ni brasi ama alumini: kwa macho huwezi, maana brasi nyingi hupakwa nikeli juu na zote zinaonekana rangi ya fedha. Chukua ncha ya kisu ukwaruze nati moja kidogo, ukiona manjano ni brasi, ukiona nyeupe hadi ndani ni alumini. Zile za rangi za kuvutia, nyekundu, bluu, zambarau, karibu zote ni alumini. Sumaku haitakusaidia kuzitofautisha, haishiki brasi wala alumini.

Sasa spreyi. Nilinunua kopo la spreyi ya kulegeza nati, kama mia sita hivi, na nimeitumia kwa baiskeli mbili tofauti kwa hivyo naweza kuisema kwa haki. Kwa Black Mamba ya shemeji yangu ilifanya kazi nzuri sana. Ile ina rimu ya chuma, spoki za chuma, kutu nyekundu kila mahali, tulitoa tairi na tyubu, tukavuta ule ukanda wa ndani, tukapiga spreyi kila nati pande zote mbili, pale spoki inaingia na pale kichwa kinakaa ndani ya rimu, tukalaza wili chini usiku mzima, asubuhi tukageuza tukapiga tena. Alafu usianze kwa kulegeza, anza kwa kukaza kidogo sana, nywele tu, usikie ile kutu imevunjika, ndio ulegeze. Nati zikaachilia moja baada ya ingine, shemeji hakuamini. Lakini kwa wili yangu ya alumini hiyo hiyo spreyi, hiyo hiyo njia, zikasonga chache za upande wa kushoto na zilizobaki hazikutingishika. Na sio kosa la spreyi. Alumini ikioza inavimba, ule unga unajaza nafasi yote kwa thredi na mafuta hayapati pa kupita, na hata ukibahatika ikalegea, nati imeshaliwa imebaki nyembamba, ukikaza mpaka pale inatakiwa inapasuka. Kwa brasi na chuma naipa spreyi nne kwa tano. Kwa alumini iliyooza weka hiyo mia sita kando, ununue nayo spoki.

Spana pia nibadilishe mawazo ya watu. Ile ya mviringo ya mianya mingi ni ya dharura barabarani, sio ya kazi. Nati za spoki ziko na saizi zinazokaribiana sana, Park Tool kwa mfano wanazitofautisha kwa rangi, nyeusi ni milimita 3.23, kijani 3.30, nyekundu 3.45, ona hiyo tofauti ni ndogo kiasi gani na ndiyo inaamua kama kona za nati zitabaki ama zitafutika. Ukitumia kubwa kidogo kwa nati iliyoshikana umeiua. Jaribu ndogo kwanza, ikikataa kuingia panda saizi inayofuata.

Haya, tuje kwa fundi. Nilielekezwa na mwendesha boda ya baiskeli, nikampata chini ya mabati, hana bango, amezungukwa na rimu zimetundikwa na matita ya spoki zimefungwa kwa raba kulingana na urefu. Nikamsalimia, "Shikamoo mzee," akaitikia, akachukua wili kabla hata sijaeleza, akaizungusha, akasikiliza, akapitisha ukucha kwa spoki zote akienda raundi, zingine zikalia, zingine kimya kabisa.

"Nyara," yaani binti yangu kwa Kijaluo, "nani ameshika hii na plaizi?"

Nikamwambia ni mahali fulani mjini. Akatikisa kichwa tu. Akatoa tairi na tyubu, akainamisha rimu juu ya kiganja, vichwa vya nati vikaanguka pamoja na unga mweupe, akanionyesha. "Hii usiniambie nikaze. Hata nikikaza leo, kesho utarudi na ingine. Hii tunatoa yote."

Nikamuuliza kama atakata spoki saa hiyo hiyo, akasema friwili kwanza, yaani ile seti ya meno ya gia ya nyuma. Na hii naomba mtu yeyote anayesoma aishike: friwili ya kufungwa kwa thredi inajikaza kila unapokanyaga pedeli, kuitoa kunahitaji nguvu nyingi, na nguvu hiyo unaipata kwa kushika rimu nzima. Ukikata spoki kabla friwili haijatoka, unabaki na habu ndogo, kile kitovu cha wili, mkononi na hakuna pa kushikia, na hapo habu nzuri inakua chuma chakavu. Karakana ngapi zinajua hiyo, sijui, lakini huyu mzee alifunga kile kifaa cha friwili kwa jiriwa, akaweka wili juu, akazungusha rimu kwa mikono miwili, mlio mmoja, ikaachilia.

Zile nati zilizokua zinasonga alizilegeza kwanza zote, ndio akaanza kukata zilizokataa, moja kulia moja kushoto akizunguka, hakukata upande mmoja wote kwa sababu rimu ingevutwa na upande uliobaki ikakunjika. Akaniambia nisogeze uso, spoki iliyokazwa ikikatwa inaruka. Rimu ikabaki tupu, akaiosha kwa maji na sabuni na brashi, ndani pia, kila tundu, akaiweka kwa jua. Hapo ndio chumvi ilitoka. Ikakauka akapitia kila tundu akitafuta nyufa, maana alumini ya rimu yenyewe nayo inaweza kupasuka kuzunguka tundu, na kama kungekua na ufa alisema angeniambia nitafute rimu ingine hata kama anakosa kazi ya leo. Haikua na ufa. Habu pia ilikua safi.

Urefu wa spoki alipima kwa ile ya zamani, kutoka ndani ya kona ya kichwa hadi ncha ya thredi, akapima ya kulia na ya kushoto kila moja peke yake. Kwa wili ya nyuma ya gia upande wa kulia ni fupi kidogo, milimita mbili hivi, kwa sababu friwili inachukua nafasi na rimu lazima ikae katikati ya fremu. Fundi akikuwekea urefu mmoja pande zote kwa wili ya gia, muulize amepima na nini.

Kabla ya kusuka alishika tita la spoki akatumbukiza ncha zote kwa grisi, akafuta iliyozidi, na kila tundu la rimu likapata tone la mafuta. Hiyo grisi ndio inafanya maji yasipate nafasi ya kuingia kwa thredi, na miaka ijayo mtu akitaka kukaza nati itazunguka. Kiwandani wengine hawaweki kitu. Kusuka kwenyewe siwezi kueleza kote, mikono yake ilikua inaenda bila kuangalia, spoki 36, kila moja inakatana na tatu zingine, na nikaona ameacha tundu la valvu mahali spoki mbili zinaenda sambamba ndio kichwa cha pampu kipate pa kuingia. Vitu vidogo hivyo ndio vinakuonyesha mtu anajua.

Kubalansi alifanya kwa fremu yangu mwenyewe, baiskeli ikiwa miguu juu, akisogeza chaki polepole karibu na rimu inapozunguka, pale chaki inagusa ndio pameegemea upande huo. Robo raundi, nusu ya robo, na kila akikaza anarudisha nyuma kidogo kabla hajaachilia spana, ili waya usibaki umejisokota. Alafu akavaa glavu akashika spoki mbili mbili akazibana kwa nguvu, raundi nzima, zikalia pa pa pa, akaangalia tena chaki, ikawa imetoka kidogo, akarekebisha, akabana tena mpaka zikanyamaza. Mwisho akapiga kwa ukucha: za kulia zinalia sauti ya juu, za kushoto ya chini, lakini kila upande sauti yake ni moja. Ndivyo inatakiwa kwa wili ya nyuma, kulia kunavutwa zaidi.

Bei: spoki ya stenlesi pamoja na nati ya brasi shilingi 30, mara 36 ni 1,080. Kazi 600. Ukanda wa ndani ya rimu 50, nilisisitiza tuweke mpya. Jumla 1,730, M-Pesa anapokea. Wili nzima mpya ya alumini nilikua nimeulizia dukani nikaambiwa 3,500 na aliyekua anauza hakujua kama nati ni brasi ama ni nini, nikakwaruza moja, ilikua nyeupe.

Mapungufu yapo. Foleni ni ndefu kwa sababu waendesha boda wana haki ya kwanza, hiyo ni unga wao wa siku na sikuona vibaya kungoja, lakini usiende ukiwa na haraka. Spoki alizo nazo ni za unene mmoja tu, mwenye baiskeli ya mashindano atafute kwingine. Na lazima urudi baada ya kuendesha kidogo ili akaze tena, spoki mpya zinakaa mahali pake, hiyo mara ya pili hakunilipisha lakini ni safari ingine ya Kondele.

Kuna watu watasema brasi ni nzito. Nati ya brasi ni karibu gramu 1, ya alumini ni kama theluthi yake. Kwa spoki 36 tofauti haifiki gramu 30. Mimi natembea na maji nusu lita na begi la kazi, hizo gramu siwezi kuzijua hata nikipanda Riat.

Lakini brasi nayo iko na adui, na hii ni ya watu wetu hasa wanaobeba mizigo. Amonia inapasua brasi, haiachi kutu unayoiona, nati inapata nyufa kimya kimya ikiwa imevutwa. Kwa hivyo ukibeba mbolea kwa keria, yurea ama DAP, na gunia linavuja, ama mbolea ya kuku, osha wili ya nyuma siku hiyo hiyo kwa maji mengi. Wabeba samaki pia, yale maji ya barafu na chumvi yanadondoka moja kwa moja kwa spoki, sio lazima baiskeli itoke Ulaya ndio ipate chumvi. Na wenye tairi zisizo na tyubu, soma kopo la ule uji wa kuzibia pancha, kuna zenye amonia na zinakula nati za alumini kutoka ndani.

Kwangu sasa nafuta wili kila nikitoka kwa matope, na mvua zikianza naweka tone moja la mafuta pale spoki inaingia kwa nati, nafuta yaliyobaki kabla hayajafika mahali breki inashika. Rimu imenyooka, haigusi popote. Wili ya mbele bado iko na nati zake za alumini kutoka huko ilikotoka, nimeipima na selotepu, nyingi zinasonga lakini unga mweupe umeshaanza, kwa hivyo mwisho wa mwezi inaenda Kondele kwa mzee yule yule, spoki 36, brasi zote.